Barua ya Wazi: Pimeni Fosfeti Kwanza, Ndipo Mtupe Kalsiamu

Kwa: Uongozi wa hospitali na wasimamizi wa kitengo cha kusafisha damu tunakotibiwa, Mtwara.

Nakala: Wenye dhamana ya ununuzi wa dawa na vitendanishi (kemikali za kupimia maabara), wagonjwa wenzangu wa Mtwara na Lindi pamoja na jamaa zao.

YAH: WAGONJWA WA FIGO KUPEWA VIDONGE VYA KALSIAMU BILA KUPIMWA FOSFETI

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, mkazi wa Mikindani, na ni mgonjwa wa figo ninayesafishwa damu katika kitengo chenu. Jina la hospitali sitalitaja. Wenyewe mnajijua, na nia yangu si kumwaibisha mtu. Wauguzi wa zamu yetu ya asubuhi wanajituma kuliko mishahara yao, na hilo nitalisema popote. Lakini jambo hili nimelileta kwa mdomo, nimelileta kwa maandishi, wenzangu wamelitumbukiza kwenye sanduku la maoni, na jibu limekuwa lilelile: "Mzee, linafanyiwa kazi." Kazi hiyo hatujaiona. Ndiyo maana leo nalisema hadharani.

Kabla ya malalamiko nieleze tatizo lenyewe, maana barua hii itasomwa pia na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kiti cha mashine.

Fosfeti imo karibu katika kila chakula: samaki, nyama, maziwa, kunde, nafaka. Mwili unaihitaji, na inayozidi hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Figo zikishindwa, fosfeti hubaki kwenye damu. Tezi nne ndogo za shingoni, zinazoitwa parathiroidi, huchachamaa na kumwaga homoni inayoumega mfupa, na mfupa ukimegwa hutoa kalsiamu na fosfeti nyingine juu ya ile iliyokuwepo. Viwili hivyo vikizidi, hujijenga pasipostahili: kwenye kuta za mishipa ya damu na kwenye vali za moyo. Tena si kutuama tu. Chembe hai za misuli ya ukuta wa mshipa hubadilika tabia na kuanza kufanya kazi ya chembe za mfupa. Mshipa uliokuwa ukitanuka na kunywea kwa kila pigo la moyo unakuwa kama mpira wa kumwagilia ulioachwa juani miaka. Moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, ukuta wake unanenepa, mwisho unachoka. Duniani kote, ugonjwa wa moyo na mishipa ndio unaoongoza kuua watu walio kwenye mashine. Kwetu mwenzetu akifariki husemwa pale nje "figo zimemmaliza", na kiti chake anapewa aliyekuwa akisubiri. Nani amewahi kuuliza moyo wake ulikuwaje?

Hesabu yake ni fupi. Mlo wa kawaida una fosforasi, yaani elementi iliyomo ndani ya fosfeti, kama miligramu 1,000 kwa siku. Tuchukulie asilimia 60 inaingia kwenye damu: ni 600 kwa siku, 4,200 kwa wiki. Kikao kimoja cha saa nne kwenye mashine hutoa takriban miligramu 600 hadi 1,000; tuseme 800. Mara tatu kwa wiki ni 2,400. Zinabaki 1,800, kila wiki. Anayesafishwa mara mbili tu kwa sababu nauli ya kutoka Newala imemshinda, zinambakia 2,600. Ndiyo sababu kukawa na dawa za kunasa fosfeti: kidonge hukutana na fosfeti tumboni, huishika, na vyote viwili hutoka na choo kabla ya kuingia kwenye damu. Dawa hizo tunapewa, na tunashukuru. Namna tunavyopewa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

1. FOSFETI HAIPIMWI

Kila mwezi tunatolewa damu. Majibu yanarudi na kriatinini, urea, potasiamu na wingi wa damu. Fosfeti haimo. Kalsiamu haimo. Homoni ya parathiroidi ndiyo usiitaje kabisa. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo, KDIGO, uliotolewa mwaka 2009 na sehemu zake kuhuishwa 2017, unataka mgonjwa wa hatua ya 5, yaani ya mwisho, aliye kwenye mashine akiwemo, apimwe kalsiamu na fosfeti kila baada ya mwezi 1 hadi 3, na homoni hiyo kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kiwango cha kawaida cha fosfeti kwa mtu mzima ni kati ya 0.81 na 1.45 milimoli kwa lita. Cha kwangu nilikijua nilipokwenda Dar es Salaam kwenye shughuli ya familia, nikaingia maabara ya binafsi na kulipa mfukoni mwangu. Kilikuwa zaidi ya 2.

Kipimo chenyewe si cha miujiza. Fosfeti huchanganywa na molibdeti ndani ya asidi, kisha mashine hupima mwanga unaofyonzwa. Mashine ya maabara inayotupimia kriatinini inaweza kuipima na fosfeti, mradi ipewe kitendanishi chake. Nimefundisha kemia maisha yangu yote ya kazi. Kwenye hili msinizungushe.

Wakati huohuo tunawashwa. Watu wanajikuna usiku kucha mpaka ngozi inachubuka. Mama mmoja wa Tandahimba, jirani yangu wa kiti, ana michirizi ya kucha kuanzia begani hadi kwenye viwiko, mingine imekauka na kuwa myeusi, mingine bado mibichi. Akilalamika anaandikiwa piritoni. Fosfeti iliyopanda ni miongoni mwa mambo ya kwanza kuangaliwa kwa mgonjwa wa figo anayewashwa, lakini utakiangalia vipi kitu ambacho hukukipima?

2. BAHASHA YA DAWA

Ninayo moja hapa mezani. Ni ile ya karatasi ya kaki, ndogo kuliko kiganja. Imeandikwa kwa kalamu ya buluu: "Kalsiamu 2 × 3". Mstari wa maelekezo uko mtupu.

Mgonjwa anasoma hivyo hivyo: viwili, mara tatu. Mmoja anavimeza saa kumi na mbili asubuhi, tumbo tupu, ndipo adandie gari kuja kwenye mashine. Mwingine anavimeza wakati wa kulala, pamoja na vya presha. Yupo asiyekula mchana kabisa, lakini vidonge vya mchana havimpiti, maana aliambiwa asikatishe dozi. Jamani, dawa ya kunasa fosfeti isiyokutana na chakula inanasa nini? Na kwa kuwa hii ni kalsiamu, ikikosa fosfeti ya kushikana nayo, sehemu kubwa zaidi hupita na kuingia kwenye damu. Yaani mgonjwa habaki na fosfeti yake tu. Anaongezewa na ile kalsiamu ambayo fosfeti inaihitaji ili ijenge mfupa ndani ya mshipa.

Kuna mawili mengine ambayo mfamasia anayajua vizuri kuliko mimi. Kabonati ya kalsiamu, ndiyo hiyo kalsiamu ya kwenye bahasha, huhitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na wengi wetu tunapewa pamoja nayo omeprazo, ambayo kazi yake ni kupunguza asidi hiyo. Kisha vinafuata vidonge vya madini ya chuma, vyote mkupuo mmoja, ilhali kalsiamu huzuia chuma kisifyonzwe vizuri. Simlaumu mfamasia. Anatoa dawa kupitia dirisha lenye nondo, foleni imebanana, mgonjwa anasukumwa mgongoni, nani atapata nafasi ya kueleza? Ila maneno "meza pamoja na chakula" yanaandikika kwa sekunde chache, na muhuri wa mpira wenye maneno hayo unachongwa pale sokoni siku hiyohiyo.

Dawa yenyewe haina nguvu ya kuchezea. Gramu moja ya kabonati ya kalsiamu hunasa fosforasi kama miligramu 40 tu, tena ikitumiwa inavyotakiwa. Rudini kwenye zile 1,800 za juu mwone.

3. KALSIAMU KWA KILA MTU, BILA UKOMO

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu ndipo mtakaponijibu kitaalamu.

Zamani fosfeti ilinaswa kwa haidroksidi ya alumini. Ikagundulika kwamba alumini inajilimbikiza mwilini, inaharibu ubongo na mifupa, ikaachwa. Ikashika nafasi kalsiamu. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha sevelama, isiyo na kalsiamu wala alumini, na 2004 ikafuata lanthani, nayo haina kalsiamu. Utafiti uliochapishwa 2002 ulionyesha kuwa mishipa ya moyo ya waliopewa kalsiamu iliendelea kujaa madini kuliko ya waliopewa sevelama. Mwaka 2012 ukaja mwingine, wa wagonjwa ambao hawajafika kwenye mashine na fosfeti yao ilikuwa karibu na kawaida: walipopewa dawa za kunasa, fosfeti ilishuka kidogo, lakini mishipa yao iliendelea kuwa migumu kuliko ya waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Mwaka 2013 jarida la Lancet likachapisha mjumuisho wa tafiti ulioonyesha vifo pungufu kwa asilimia 22 kwa waliotumia dawa zisizo na kalsiamu. Ndipo KDIGO ya 2017 ikasema kiasi cha dawa zenye kalsiamu kidhibitiwe.

Sitaficha upande wa pili. Mwaka 2021 Wajapani walichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 2,000 wa mashine, na lanthani haikuishinda kabonati ya kalsiamu katika kuzuia matatizo ya moyo. Ubishi wa wataalamu haujaisha. Kwa hiyo sisemi kalsiamu ni sumu, wala sidai kila mtu apewe sevelama kesho asubuhi. Ninachosema ni kwamba mtu hawezi kupewa kalsiamu kila siku, mwaka hadi mwaka, bila yeyote kujua kalsiamu yake ikoje, fosfeti yake ikoje na mishipa yake ikoje. Kwetu hakuna linalojulikana kati ya hayo matatu.

Na mishipa haihitaji mtambo wa mabilioni. KDIGO yenyewe inakubali eksirei ya tumbo iliyopigwa kwa ubavu, pamoja na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Mwaka jana nilipigwa eksirei ya mgongo kwa ajili ya kiuno. Nilipoiinua dirishani, mbele ya pingili palikuwa na mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba, mahali imekolea, mahali imekatika, ikishuka hadi karibu na nyonga. Hiyo ni aota yangu, mshipa mkuu wa damu. Ripoti iliyoambatanishwa ilisema pingili zimesagika kwa sababu ya umri. Kuhusu ile mistari, hata neno moja. Nilirudi nyumbani na vidonge vyangu, viwili mara tatu.

4. KARATASI YA LISHE

Imetolewa nakala juu ya nakala mpaka herufi zimefifia. Inatukataza jibini, chokoleti na siagi ya karanga. Katika zamu yetu ya wavuvi, wakulima na wastaafu sijui nani anakula jibini. Korosho haimo, na hapa ni Mtwara! Gramu 100 za korosho zina fosforasi inayokaribia miligramu 600. Ufuta wa Lindi haumo. Dagaa, ambao tunawala na mifupa yao, hawamo. Mtu akiuliza kuhusu muhogo au ming'oko, jibu linategemea muuguzi gani yuko zamu.

Karatasi hiyo inatunyima pia habari njema. Fosfeti ya mimea kama kunde, mbaazi na hata hiyo korosho imefungwa ndani ya kiungo kiitwacho fitati, na mwili hufyonza kiasi kidogo kuliko cha nyama na samaki. Inayoongezwa kiwandani ndiyo huingia karibu yote. Kwa hiyo bibi anayeacha mbaazi zake kwa hofu, halafu akakata kiu kwa soda nyeusi yenye asidi ya fosforiki na mjukuu akamletea soseji, amejinyima pasipostahili na kujiongezea pasipofaa. Hakuna aliyemwambia kutazama pakiti kama ina E338 hadi E341, au E450 hadi E452, ambazo zote ni fosfeti. Sisemi korosho iliwe kwa debe. Potasiamu yake nayo ni kubwa. Nasema mtu wa lishe akae na sisi aandike karatasi ya vyakula vya Kusini.

5. SAA ZA MASHINE

Kikao cha saa nne kinapokatwa kuwa tatu kwa sababu foleni ni ndefu au umeme umeyumba, fosfeti ndiyo inayobaki kwa wingi, kwani hutoka polepole ndani ya chembe za mwili. Tunaomba saa zitimie. Basi.

Waheshimiwa, majibu yenu tumeshayasikia korido, kwa hiyo niyajibu hapahapa ili tusirudiane.

Mtasema vitendanishi ni shida kufika Kusini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga na barabara ya Dar es Salaam kukatika maeneo ya Somanga, hatukumlaumu mtu. Tulikaa tukasubiri kama wananchi wengine. Lakini fosfeti ilikuwa haipimwi kabla ya kimbunga na haipimwi sasa barabara inapitika, huku vitendanishi vya kriatinini vikifika kwa barabara hiyohiyo.

Mtasema bima hailipi. Inawezekana. Basi tupeni kwa maandishi, kwamba kipimo fulani au dawa fulani imekataliwa, tarehe fulani, kwa sababu fulani. Tukiwa na karatasi tutajua mlango wa kubisha. Sasa hivi hatuna cha kushika. Daktari anasema bima, bima wanasema daktari hakuandika.

Mtasema wagonjwa wenyewe hawafuati masharti. Hili huniudhi kuliko yote. Masharti yapi? Yale ya jibini?

Mtasema sevelama ni ghali. Ni kweli, hatubishi. Ndiyo maana tunataka vipimo: ipewe wale ambao kalsiamu yao iko juu, au eksirei imeshaonyesha mishipa imeingia madini, na wengine waendelee na kalsiamu kwa kiasi kinachojulikana. Kupima kunaokoa fedha, maana yumkini wapo wanaomeza vidonge sita kwa siku ambao hawavihitaji hata kimoja.

Na wapo mtakaotuambia twende Dar. Ni zaidi ya kilomita 500. Anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa aende lini, arudi lini, alale kwa nani?

Tunachoomba ni hiki. Kalsiamu na fosfeti viingizwe kwenye vipimo vya kila mwezi kuanzia mwezi ujao, na homoni ya parathiroidi angalau mara mbili kwa mwaka hata kama sampuli italazimika kusafirishwa. Kila mgonjwa apewe majibu yake kwa maandishi, ayaelewe. Bahasha za dawa hizi zigongwe muhuri wa "meza pamoja na chakula", na omeprazo pamoja na vidonge vya chuma vipangiwe saa zake. Kila mgonjwa wa mashine apigwe eksirei moja ya tumbo kwa ubavu, isomwe kwa ajili ya aota na si pingili peke yake. Dawa moja isiyo na kalsiamu iwepo kwenye duka la dawa la hospitali, hata kwa wachache watakaothibitika kuihitaji. Karatasi ya lishe iandikwe upya. Mimi najitolea kuihariri bila malipo, na yule mama wa Tandahimba ameahidi kusema ukweli wa kinachopikwa majumbani.

Tunaomba pia mkutano na wagonjwa wa zamu zote ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke, daktari wa kitengo, mfamasia na mtu wa maabara wakiwepo pamoja, ili asiwepo wa kumrushia mwenzake. Tarehe ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ulio nje ya chumba cha mashine. Siku hizo zikipita kimya, nakala ya barua hii tutaipeleka kwa wabunge wa mikoa yote miwili, na tutawaambia tuliwapa nafasi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, mgonjwa wa zamu ya asubuhi,
kwa niaba yangu na ya wenzangu walioniruhusu kuwasemea.
Mikindani, Mtwara.